Kinga ya umeme: musinunue mbio, mununue nguvu



Mavuno haina bei kama haijafika ku soko. Kila mutu wa kijiji anajua hilo. Kahawa, muhogo, mupunga na maharagi vinatoka ku shamba ku kichwa, ku mugongo wa mama, ku chukudu, ao ku kinga yenye mutu anasukuma kwa mikono. Ndiyo maana, koperative ikipata feza kidogo ya kununua vyombo, watu wanauliza juu ya kinga ya umeme: baiskeli yenye iko na batri na motere kidogo ya kusaidia miguu.

Muuzaji naye anajua kazi yake. Anasema: "Hii inakimbia 25, lakini ile pale inakimbia 45. Na hata hii ya 25, kuko fundi wa kuifungua." Wenye kusikia 45 wanafikiri ni kinga bora karibu mara mbili. Komite inaweza kutoa feza ya watu wote juu ya namba moja tu, na bado hakuna mutu mwenye ameuliza ile namba inasema nini.

Katika ukurasa huu tunaeleza mambo tatu: mbio ya motere inatoka wapi, sababu gani inchi mingi ziliweka mupaka ku 25, na hayo yote yanamuhusu namna gani mutu mwenye kubeba magunia ku njia ya udongo. Jibu tunalitoa tangu sasa: kwa kazi ya kubeba, angalia wati na freni. Mbio inakuja nyuma.

Mbio ya motere inatoka wapi

Motere mingi za kinga ziko ndani ya gurudumu, pale katikati. Ndani yake muko waya wa shaba wenye ulizungushwa mara mingi, pamoja na sumaku. Umeme ukipita mu waya, sumaku zinasukumwa na gurudumu linazunguka.

Vitu viwili ndivyo vinapanga motere itazunguka mara ngapi. Cha kwanza ni volti za batri. Volti zikiongezeka, mizunguko nayo inaongezeka kwa kipimo kile kile. Motere yenye inafikisha kinga ku kilometa 25 kwa saa na batri ya volti 36, ukiitia batri ya volti 48 itakaribia kilometa 33.

Cha pili ni ginsi kiwanda kilizungusha ule waya. Kiwanda kinaweza kutengeneza motere mbili za wati zile zile, zenye kufanana kabisa kwa macho, moja ya kuzunguka polepole na ingine ya kuzunguka haraka. Kwa inje hautaona tofauti. Utaiona ku namba yenye iliandikwa ku motere ao ku karatasi yake, karibu na alama "RPM" ao "tr/min". Hiyo ni hesabu ya mizunguko kwa dakika moja.

Hesabu ya mbio munaweza kuifanya ninyi wenyewe, bila kungoja muuzaji. Mutwae kamba, muizungushe inje ya mupira wa gurudumu mara moja, kisha muipime. Kwa gurudumu ya 26, kamba inakuwa karibu metre 2,1. Sasa muzidishe mizunguko kwa urefu wa kamba, kisha kwa dakika 60:

– Motere ya mizunguko 200: 200 × 2,1 × 60 = metre 25 200. Ni kusema kilometa 25 kwa saa.
– Motere ya mizunguko 330: 330 × 2,1 × 60 = metre 41 580. Ni kusema kilometa 41 na nusu kwa saa.

Hiyo ni mbio ya gurudumu lenye kuinuliwa hewani, bila mutu na bila gunia. Ukipanda na muzigo, inapunguka.

Kuko tena kitu cha tatu, nacho ni kontroleri: kile kisanduku kidogo chenye waya mingi, chenye kinagawa umeme kati ya batri na motere. Kontroleri inahesabu mizunguko ya gurudumu. Kinga ikifika ku mbio yenye kiwanda kilipanga, kontroleri inakata umeme. Miguu inaweza kuendelea, lakini motere inanyamaza. Hicho ndicho tutaita kizuizi cha mbio.

Ku mulima, namba 40 haisaidii kitu

Tuchukue mufano. Kinga pamoja na batri, kilo 30. Mwenye kuendesha, kilo 65. Gunia, kilo 80. Jumla ni kilo 175. Njia ni ya udongo, na inapanda metre 6 kwa kila metre 100 za kutembea.

Kupandisha uzito huo kwa kilometa 9 kwa saa kunaomba karibu wati 350. Motere ya wati 250 pamoja na miguu ya mutu mwenye nguvu, yenye inaweza kutoa karibu wati 100 kwa muda murefu, zinafikisha hiyo hesabu. Kama mutu anataka kupanda mulima huo huo kwa kilometa 25 kwa saa, atahitaji zaidi ya wati 950.

Muone basi. Mukiwa na motere mbili za wati 250, moja ya 25 na ingine ya 40, zote mbili zitapanda ule mulima karibu ku kilometa 9 kwa saa. Ile namba 40 mulilipia haitaonekana hata siku moja ku mupando.

Tena kuko hasara ingine. Kwa ampere zile zile, motere ya kuzunguka polepole inasukuma kwa nguvu kuliko motere ya kuzunguka haraka. Ile ya haraka, juu ya kufanya kazi ile ile, inaomba kontroleri iipatie ampere mingi zaidi. Waya zinapata moto, kontroleri inapata moto. Na motere yoyote yenye kulemewa, yenye inazunguka polepole sana ku mupando, inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ukisikia harufu ya kuungua, shuka, simama, ungoja ipoe. Gunia linaweza kungoja robo saa. Motere yenye imeungua, hapana.

Kwa sababu hiyo, kinga moja haifai kila fasi. Wenye kukaa mu uwanda wa Ruzizi, kutoka Uvira mupaka Kamanyola, njia yao ni karibu sawasawa. Motere ya wati 250 inaweza kuwasaidia vizuri. Lakini kutoka Kamanyola, wakati barabara inaanza kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi, mambo yanageuka. Hapo watu wanahitaji wati zaidi, kwa mufano 500, ao motere yenye inafungwa pale ku pedali. Motere ya namna hiyo inapitisha nguvu ku munyororo, na mwenye kuendesha anaweza kubadilisha vitesi sawa vile anafanya kwa miguu. Munyororo utachakaa upesi, lakini ku mupando kazi inakuwa nyepesi.

Batri na freni ndizo zinalipa

Ku njia ya sawasawa, mutu anaweza kusema: "Hapa hakuna mulima, basi nikimbie." Tufanye hesabu ya hapo pia.

Na ule uzito wa kilo 175, ku njia ya udongo mugumu, kilometa 25 kwa saa inaomba karibu wati 360. Kilometa 45 kwa saa inaomba karibu wati 1 100. Mbio haijafika hata mara mbili, lakini nguvu imefika mara tatu. Sababu kubwa ni upepo. Ukienda polepole, upepo haukusumbue sana. Ukikimbia, unakuwa kama mutu mwenye kusukuma ukuta.

Batri inahesabiwa hivi: volti mara ampere-saa, unapata wati-saa. Batri ya volti 48 na ampere-saa 15 iko na wati-saa 720. Tukihesabu na umeme wenye unapotea njiani, batri hiyo inafika karibu kilometa 40 ku mbio ya 25. Ku mbio ya 45, inafika karibu kilometa 23.

Tuseme soko liko kilometa 15, na lazima kurudi siku ile ile. Ni kilometa 30. Mwenye kwenda na 25 anarudi nyumbani, na batri bado iko na umeme. Mwenye kwenda na 45 anapata dakika 16 tu ku njia ya kwenda, kama njia inamuruhusu, lakini kilometa 7 za mwisho anasukuma kinga kwa mikono, batri nayo ndani. Na batri yenye inamalizwa kabisa kila siku inazeeka upesi. Batri ndiyo sehemu moja ya bei kubwa zaidi ku kinga yote.

Sasa freni. Nguvu yenye freni inapashwa kumaliza haifwati mbio moja kwa moja: inafwata mbio yenye kuzidishwa kwa mbio. Kutoka 25 mupaka 45, kazi ya freni inakuwa mara 3 na zaidi. Tuseme mutoto anatoka ghafula mu njia. Mwenye kuendesha anatumia sekunde moja mbele ya kukamata freni, na freni ni za kawaida ku udongo mukavu. Ku mbio ya 25, atasimama nyuma ya karibu metre 15. Ku mbio ya 45, atasimama nyuma ya karibu metre 38. Mupime metre 15 na metre 38 mu barabara ya kijiji chenu, pale watoto wanapita kwenda ku masomo. Hapo kila mutu ataelewa bila hesabu.

Musisahau jambo moja: kizuizi kinakata motere tu. Hakizuie mutelemuko. Chukudu haina motere, na wote munajua ginsi inaweza kushuka ku mulima na mizigo. Kinga ya umeme yenye gunia nayo itapita 25 ku mushuko kama freni hazikamate. Ku mutelemuko murefu munapashwa kufinya freni tangu juu, mbele ya kinga kuzoea mbio. Kama njia iko na utelezi wa mvua, mutu ashuke na asukume.

Inchi zingine zinasema nini

Namba 25 haikutoka mu kichwa cha muuzaji. Ni sheria ya mahali kinga zinatengenezwa ao kuuzwa.

– Umoja wa Ulaya. Kinga ya umeme inahesabiwa kuwa baiskeli kama motere haipite wati 250, kama inasaidia tu wakati mutu anakanyaga pedali, na kama inakatika mbele ya kupita kilometa 25 kwa saa. Hapo haiombe plaki wala permi. Kinga ya mbio, ya mupaka kilometa 45 kwa saa, inawekwa pamoja na pikipiki ndogo: plaki, asiransi, permi na kaske.
– Japani. Ndiko kampuni Yamaha ilianza kuuza kinga yenye motere ya kusaidia pedali, mwaka wa 1993. Kule motere inaacha kusaidia ku kilometa 24 kwa saa.
– China. Kanuni yenye ilianza kutumika mwezi wa 4 mwaka wa 2019 iliweka mupaka ku kilometa 25 kwa saa na motere ya wati 400.
– Marekani. Sheria ya taifa ya mwaka wa 2002 juu ya kinga zenye kuuzwa inakubali motere yenye haifike wati 750, na motere peke yake haipashwe kufikisha kilometa 32 kwa saa.

Mu Ulaya kuko jambo lenye linatuhusu sisi wenye kubeba mizigo. Katika kanuni ya mwaka wa 2013, waliweka kundi ingine ya kinga zenye motere ya mupaka wati 1 000. Ni mara nne ya ile ya kawaida, na inafaa kwa mizigo mizito. Lakini hata kwa kundi hiyo, motere inakatika ku kilometa 25 kwa saa. Waliongeza nguvu, hawakuongeza mbio. Watu wenye kutunga ile sheria waliona kama muzigo muzito unaomba kusukumwa, hauombe kukimbizwa.

Na kwetu Kongo?

Kanuni ya barabara ya Kongo ni sheria ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 1978. Ni miaka 15 mbele ya ile kinga ya Yamaha ya Japani. Mwaka mumoja mbele yake, mu 1977, inchi yetu ilikuwa imekubali mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya barabara. Mapatano hayo yanaeleza baiskeli kuwa chombo chenye kusukumwa na nguvu ya mwili wa mutu tu, kwa pedali ao kwa mikono. Pikipiki ndogo inaelezwa kuwa chombo chenye motere ya kuchoma mafuta, isiyopita sentimetre-kibi 50, na isiyopita kilometa 50 kwa saa.

Musome tena maneno hayo. Kinga ya umeme iko na motere, kwa hiyo haisukumwe na mwili tu. Lakini motere yake haichome mafuta. Imesimama katikati. Mutu mwenye kuwaambia "hii ni baiskeli tu, hakuna mutu atawauliza kitu" anawaahidi jambo lenye haliko mu mikono yake.

Hii inafaa kufikiriwa zaidi na koperative kuliko na mutu mumoja. Kinga yenye kununuliwa na koperative ni mali ya wote. Ikigonga mutu, swali la kwanza litakuwa: je, ilikuwa baiskeli ao ilikuwa chombo cha motere? Na mwenye kinga ni nani? Kama ilikuwa ya wati 250 ao karibu, pedali zinafanya kazi, kizuizi cha 25 hakikuguswa, na karatasi za kiwanda ziko mu depo, muko na kitu cha kuonyesha. Kama ilifunguliwa mupaka 45, hakuna kitu cha kuonyesha, na ile feza ya kahawa ya mwaka muzima inaweza kwisha ku hospitali na ku tribinali.

Shauri letu: mbele ya kulipa, mwombe muuzaji karatasi yenye kuonyesha wati, volti na mbio. Mutume wajumbe wawili wa komite, pamoja na hiyo karatasi, ku biro ya usafiri ya teritware ao ya mji na ku polisi ya barabara, wauulize kama chombo hiki kinaomba plaki, permi na asiransi. Mwombe jibu kwa maandishi, na mulitunze pamoja na karatasi za koperative. Kwa motere ya wati 500 na zaidi, jambo hili ni la lazima kuliko.

"Fundi ataifungua": inamaanisha nini

Kufungua ni kudanganya kontroleri ili isijue mbio ya kweli, ao kubadilisha kipimo chenye kiwanda kiliweka. Inaweza kuchukua dakika chache na feza kidogo. Lakini muangalie yenye inafwata.

Ile kinga ilitengenezwa kwa mbio ya 25. Freni zake, uma wa mbele, mipira na vyuma vyembamba vya gurudumu vilichaguliwa kwa mbio hiyo. Ukiongeza mbio, kila shimo la njia linapiga kwa nguvu zaidi, na gunia liko nyuma linaongeza pigo. Vyuma vya gurudumu vya nyuma ndivyo vinavunjika kwanza. Garanti ya muuzaji inaweza kwisha siku ile ile.

Inchi zingine haziangalie jambo hili kama muchezo. Mu Ufaransa, tangu sheria ya mwisho wa mwaka wa 2019, mutu mwenye kuendesha kinga yenye ilifunguliwa anaweza kuhukumiwa mupaka mwaka mumoja wa kifungo na malipo ya euro 30 000. Kwetu hakuna mutu anangoja kuona hukumu kama hiyo kesho. Lakini inaonyesha ginsi wenye kuzoea kinga hizi wanapima hatari yake.

Kama munaona kinga inakosa nguvu, ugonjwa hauko ku kizuizi. Muangalie kwanza haya: mupira hauna pumzi ya kutosha, batri imezeeka, freni inagusa gurudumu, ao muzigo unapita kipimo. Mupira wenye upepo kidogo peke yake unaweza kula umeme mingi.

Mambo saba ya kuuliza muuzaji

1. Wati ngapi za kila wakati? Wauzaji wengine wanasema wati za juu kabisa, zenye motere inaweza kutoa kwa muda mufupi tu. Ninyi munataka zile za kazi ya muda murefu.
2. Volti na ampere-saa za batri? Muzidishe wenyewe mupate wati-saa. Hiyo ndiyo debe lenu la umeme.
3. Mizunguko ngapi kwa dakika? Kwa kazi ya kubeba na gurudumu ya 26, motere ya karibu 200 inatosha.
4. Kizuizi kiko ku ngapi, na kiliwekwa na kiwanda? Kama muuzaji anaanza kusema juu ya kufungua, mwangalie kinga ingine.
5. Freni ni za namna gani? Freni za kisahani, mbele na nyuma, ndizo zinafaa kwa muzigo na mvua. Muulize pia kama motere inakatika wakati mutu anafinya freni.
6. Inabeba kilo ngapi kwa jumla? Ni mutu, muzigo na kinga pamoja. Musikubali jibu la mudomo. Muone namba kwa maandishi.
7. Iko na msaada wa kutembea? Kinga mingi zenye kufwata kanuni ya Ulaya ziko na kifinyo chenye kusukuma kinga polepole, mupaka kilometa 6 kwa saa, wakati mutu anatembea kando yake. Kwa mama mwenye kusukuma gunia ku mupando, hicho kifinyo kina faida kuliko kilometa 45.

Kiisha maswali, muijaribu na gunia la kweli, ku mulima wa kweli, mbele ya feza kutoka. Kinga yenye inapanda vizuri mbele ya duka, bila muzigo, haijaonyesha kitu.

Sheria ya ndani ya koperative

Kinga ya watu wote bila sheria inakuwa kinga ya hakuna mutu. Tunashauri muandike mambo haya mu daftari na kila mwenye kuendesha atie sahihi:

– Hakuna mutu anafungua kontroleri, wala anabadilisha batri ya volti zingine, bila uamuzi wa komite.
– Muzigo haupite kilo zenye zimeandikwa. Abiria juu ya gunia, hapana.
– Freni na pumzi ya mipira vinaangaliwa kila asubui, na jina la mwenye kuangalia linaandikwa.
– Mwenye kuendesha anavaa kaske. Usiku bila taa, kinga inalala.
– Katikati ya soko na karibu na masomo, mbio ni ya mutu mwenye kutembea.
– Kila safari inaandikwa: kilometa, kilo, na umeme wenye ulibaki. Nyuma ya miezi tatu, daftari litawaambia kama kinga inalipa ao inakula.

Mara ingine vijana wataona sheria hizi kuwa nzito. Wataona kinga ya jirani ikipita mbio, nao watataka ile. Muwaonyeshe hesabu: dakika 16 za kupata, kilometa 7 za kusukuma, metre 38 za kusimama. Kijana mwenye akili atazipima mwenyewe.

Katika mukutano wenu ujao, mulete kamba, metre na daftari. Mupime gurudumu la kinga yoyote yenye iko mu kijiji, mufanye hesabu ya mizunguko pamoja, mama na baba, wazee na vijana. Kisha mutembee metre 38 mu barabara na mutie alama. Mambo hayo yanachukua nusu saa, na hayaombe hata franka moja. Koperative yenye imeyafanya mbele ya kwenda ku duka itajua ya kununua, na itajua ya kumujibu muuzaji.